Ridhaa Isiyoweza Kusema "Basi"

Mtu ameshika funguo mkononi. Ameambiwa: mambo yakikuzidi, ziachie. Mdomo wake umezibwa kwa kitambaa, kwa hiyo mlio wa funguo zikigonga sakafu ndio "basi" yake. Mwenzake akiusikia anaacha papo hapo, bila kuuliza kwa nini.

Watu wazima ambao mahaba yao yana kamba, vibao, au mmoja kumwamuru mwenzake, wana makubaliano mengi ya aina hii. Wengine hutumia rangi za taa za barabarani: njano punguza, nyekundu acha. Kauli yao ya siku nyingi, iliyotoka New York mwaka 1983, inataka tendo liwe salama, lifanywe kwa akili timamu na kwa ridhaa. Wala si wagonjwa. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 haiyahesabu tena mapenzi haya kuwa maradhi, mradi wahusika wameridhiana na hakuna hatari kubwa ya kuumia au kufa.

Yote huanza na mazungumzo, na mahali pake ni kabla, watu wakiwa wamevaa nguo zao na hawajagusa pombe. Unapenda nini? Nini hutaki kabisa? Una pumu, presha, bega lililowahi kuteguka? Mkasi wa kukatia kamba utakaa wapi? Wazo jipya likizuka katikati ya tendo lisubiri siku nyingine, kwa sababu aliyefungwa mikono hana uhuru kamili wa kukubali. Na ndiyo ya jana haitoshi leo.

Mnyanyasaji naye anayajua maneno haya haya, na hapo ndipo ninapoogopa. Atakuambia kwamba ungempenda kweli usingehitaji neno la kusimamisha. Ukikataa, atanuna siku tatu mpaka ulegee. Mtakubaliana akutawale chumbani, kisha utamkuta ameshika simu yako, mshahara wako, na anakuchagulia marafiki. Anayetaka kujua yuko upande gani asihesabu alama mwilini. Akumbuke mara ya mwisho aliposema acha, kilifuata nini.

Lakini liko tendo moja ambalo hata makubaliano mazuri hayawezi kulilinda: kukaba koo. Limeenea mno kwa vijana. Debby Herbenick wa Chuo Kikuu cha Indiana na wenzake waliwahoji wanafunzi wa chuo kimoja cha Marekani, na zaidi ya nusu ya wanawake walisema waliwahi kukabwa wakati wa ngono. Wengi hudhani hatari iko kwenye pumzi tu. Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo imepita pembeni mwa shingo, karibu na ngozi, na haihitaji nguvu nyingi kuibana hata kama hewa inaendelea kupita. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1943, wanaume waliobanwa shingo kwa mshipi wa hewa walizimia kwa wastani wa sekunde 7 hivi. Katika muda huo funguo zikianguka, huenda zimeanguka kwa sababu aliyezishika amekwisha kuzimia.

Huko England na Wales, Sheria ya Unyanyasaji wa Majumbani ya 2021 imefanya kukaba koo kuwa kosa linalojitegemea, lenye kifungo cha hadi miaka 5. Imesema pia kwamba "alitaka mwenyewe" si utetezi kwa aliyemjeruhi mwenzake vibaya kwa ajili ya starehe ya ngono.

Aliyekabwa, hata kama shingo haina alama yoyote, aende hospitali haraka akiona sauti imekauka, kumeza kunauma, kichwa kinamgonga au uso umelegea upande mmoja. Ukuta wa mshipa ukichanika kwa ndani, damu inaweza kuganda na kuleta kiharusi baada ya siku kadhaa, hata wiki. Na amwambie daktari waziwazi kwamba alikabwa koo, maana asiposema huenda akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu ya kichwa.