Farasi wa plastiki: bei ya tangazo na bei ya kweli

Soko la sanamu za farasi nchini Marekani lina msimu wake, kama lilivyo soko la korosho au la kahawa. Mwaka unapoanza, kampuni ya Breyer ya jimbo la New Jersey hutangaza farasi wapya watakaoingia madukani. Katikati ya mwaka huongeza wengine. Mwezi Julai, katika tamasha lake linaloitwa BreyerFest, hutoa wale wa idadi maalum. Kila tangazo huamsha wanunuzi wa aina mbili: anayempenda farasi na anayeipenda faida. Ripoti ya leo inamhusu huyu wa pili.

Swali lake ni moja. Je, farasi aliyetangazwa leo ni mahali pa kuweka mtaji? Jibu linategemea amenunua kwa nani. Anayempata kwa bei ya kampuni ana nafasi. Anayemnunua kwa mlanguzi wiki ile ile, joto la tangazo likiwa bado juu, ameanza biashara akiwa na hasara mkononi.

ZAO LA DENI

Sanamu hizi hazikuanza kama bidhaa ya wakusanyaji. Breyer ilikuwa karakana ya plastiki mjini Chicago, ikiwatengenezea wengine walichoagiza. Mwaka 1950 kampuni ya saa iitwayo Mastercrafter iliagiza farasi wa kupambia saa ya mezani. Kazi ilipokwisha, kalibu ikabaki kwa Breyer kama sehemu ya malipo. Maduka ya F.W. Woolworth yakamwona farasi yule na kuagiza auzwe peke yake, bila saa. Hivyo deni la mteja likageuka kuwa biashara iliyodumu zaidi ya miaka 70.

Mwaka 1984 Breyer ilinunuliwa na kampuni ya Reeves International, na kazi ikahamia upande wa mashariki ya Marekani. Baadaye utengenezaji ulipelekwa China. Plastiki yenyewe ni selulosi asetati, na rangi hupakwa kwa mikono. Farasi wa kiwango kikubwa ni moja ya tisa ya farasi halisi. Wadogo ni moja ya 32, na hukaa kiganjani.

MATANGAZO MAWILI, BIDHAA MBILI

Mnunuzi mgeni huchanganya matangazo mawili ambayo kibiashara hayafanani.

La kwanza ni la farasi wa kawaida. Huyu huingia kwenye katalogi, hupelekwa madukani, na huendelea kutengenezwa kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi, kadiri wateja wanavyomtaka. Hana idadi iliyofungwa. Kumnunua kwa bei ya juu siku ya tangazo ni sawa na kulangua mahindi wakati shehena nyingine iko njiani. Subira ya miezi michache huyaleta dukani kwa bei ya kawaida, na pengine kwa bei ya kumaliza bidhaa.

La pili ni la farasi wa idadi maalum. Kampuni hutaja idadi, au tukio ambalo atauzwa, kisha hufunga mlango. Hapa ndipo fedha za ulanguzi zinapokimbilia. BreyerFest, iliyoanza mwaka 1990 na kufanyika katika Kentucky Horse Park mjini Lexington, ndiyo gulio kubwa la farasi hao. Mwaka 2020 na 2021 ugonjwa wa korona ulilihamishia tamasha kwenye intaneti, lakini hamu ya wanunuzi haikupoa.

FAIDA HUMWENDEA NANI?

Wanaotaka wanapokuwa wengi kuliko farasi waliopo, kampuni hutumia bahati nasibu. Mteja huandikisha jina, jina likitoka hulipa bei iliyopangwa. Kwa sababu hiyo faida kubwa ya tangazo haiendi kwa mwenye mtaji mkubwa wala kwa mwenye kulijua soko. Humwendea mwenye bahati.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme kampuni imeuza farasi kwa dola 100, na wiki hiyo hiyo anatakiwa kwa dola 250. Mshindi wa bahati nasibu ana dola 150 za ziada kabla ya gharama. Sasa mtazame aliyemnunua kwa dola 250 akitumaini kuuza baadaye. Mnada ukikata asilimia 13, na sanduku na posta vikigharimu dola 20, itambidi auze kwa karibu dola 310 ili arudishe fedha zake tu. Bei lazima ipande kwa asilimia 24 kabla hajala hata senti moja. Msomaji aliye Dar es Salaam au Mombasa ahesabu pia usafiri wa ndege na ushuru wa forodha.

Kuna mchezo mwingine wa kuangalia. Baadhi ya farasi huuzwa katika masanduku yaliyofungwa, umbo likiwa moja lakini rangi mbalimbali, na mnunuzi hajui atakayoipata. Rangi iliyotengenezwa chache hupanda, zile nyingine hushuka. Anayenunua sanduku lililofungwa kwa bei ya rangi adimu amekubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

KALIBU HAIFI

Jambo ambalo tangazo halisemi ni kwamba kalibu ni mali ya kampuni, na kampuni huitumia tena. Umbo lile lile linaweza kutoka mwaka huu likiwa jeusi, mwaka ujao kijivu chenye madoa, na baada ya miaka mitano likiwa la kahawia kwa jina la farasi mwingine kabisa. Kinachoadimika, basi, ni rangi ya toleo fulani. Umbo lenyewe linaweza kurudi wakati wowote.

Hili lina uzito mkubwa kwa umbo jipya. Siku ya kwanza kila mtu analitaka, kwa kuwa hakuna jingine. Matoleo mengine yakishatoka, aliyetaka umbo tu hununua lile la bei nafuu, na bei ya toleo la kwanza hubaki mikononi mwa wakusanyaji wachache wanaojali lipi lilitangulia. Vivyo hivyo kwa farasi wa sifa. American Pharoah aliposhinda mbio tatu kubwa za Marekani mwaka 2015, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1978, sanamu yake ilifuata. Jina kubwa huvuta wateja, lakini pia huishawishi kampuni kutengeneza nyingi.

WALIOKATALIWA NDIO MATAJIRI

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko hili methali hiyo imepinduka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Breyer ilitoa farasi wa mapambo kwa rangi zisizopatikana katika zizi lolote: buluu, na rangi ya dhahabu, wengine wazima na wengine wenye madoa meupe. Waliwekwa sokoni ili wapambe sebule. Wateja hawakuwapenda, watoto walitaka farasi anayefanana na farasi, na baada ya muda mfupi kampuni iliacha kuwatengeneza. Leo farasi hao wa buluu na dhahabu ni miongoni mwa wanaotafutwa mno na wakusanyaji wa vitu vya zamani.

Sababu ni rahisi. Walitengenezwa wachache kwa kuwa hawakuuzika, na waliouzwa hawakununuliwa na watu waliokusudia kuwahifadhi. Walivunjika, walipotea, walitupwa. Uadimu wao haukutangazwa na mtu. Ulitokana na miaka na uzembe. Farasi anayetangazwa leo kuwa adimu ana hali ya kinyume: wanunuzi wake karibu wote wanajua thamani yake, na wanamweka sandukuni akiwa mzima. Baada ya miaka 20 farasi hao bado watakuwapo, safi, pamoja na masanduku yao, wakisubiri mnunuzi siku moja.

FUNZO LA MWAKA 1999

Anayedhani hofu hii ni ya bure akumbuke wanasesere wa kitambaa wa Beanie Babies. Kampuni ya Ty ya Marekani ilikuwa na desturi ya kutangaza kwamba mwanasesere fulani hatatengenezwa tena, na kila tangazo lilipandisha bei katika soko la mkono wa pili. Watu wa kipato cha kawaida waliweka akiba zao humo. Mwezi Agosti 1999 kampuni ilitangaza kwamba wote watakoma mwisho wa mwaka, kisha ikapiga kura kwa wateja na kuendelea kuwatengeneza. Soko likaanguka. Wengi wa waliojaza vyumba kwa ajili ya karo za watoto walibaki na vitambaa.

Farasi wa Breyer hawajafika huko, na kuna sababu. Wana watumiaji halisi. Nchini Marekani kuna maonyesho ambako sanamu hizi hushindanishwa mezani mbele ya waamuzi, kwa aina ya farasi, ubora wa umbo na rangi. Kuna mafundi wanaozifuta na kuzipaka upya, na wengine wanaozishonea matandiko madogo. Mahitaji ya watu hawa hayategemei bei ya kesho. Lakini farasi akishapita bei ambayo mtu wa maonyesho yuko tayari kulipa, kilichobaki ni mlanguzi kumuuzia mlanguzi mwenzake, na hapo ndipo Beanie Babies walipofikia.

HALI YA MALI

Mwenye kuamua kununua na ajue kwamba mali hii huharibika. Farasi weupe hugeuka manjano, hasa wakikaa juani. Joto la gari lililofungwa huweza kupinda miguu. Baadhi ya sanamu za miaka ya 1980 zimesinyaa zenyewe kwa sababu ya plastiki yao. Ncha za masikio na kwato huchubuka kwa urahisi, na mchubuko mmoja hushusha bei. Farasi aliyepakwa rangi upya si mali ile ile tena. Anaweza kupanda bei kwa jina la fundi, lakini kama toleo la kiwandani amekwisha.

KWA MWENYE FEDHA CHACHE

Kwanza, ingia katika bahati nasibu za kampuni kila unapoweza, lakini ukikosa, usikimbilie kwa mlanguzi siku hiyo. Pili, kabla ya kulipa, jua idadi iliyotengenezwa na kama umbo hilo limekwisha kutoka kwa rangi nyingine. Tatu, tazama bei zilizolipwa kweli katika minada iliyokwisha. Bei inayoombwa ni matumaini ya muuzaji tu. Nne, andika kila gharama, tangu posta hadi kamisheni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tano, usiweke hapa fedha utakayoihitaji kwa haraka. Hisa au hati ya serikali ina soko la kuiuzia, lakini farasi wa plastiki humsubiri mtu mmoja anayemtaka yeye hasa, na mtu huyo anaweza kuchelewa miaka.

Tangazo jipya litakapotoka, mlanguzi atasema farasi wako wachache. Muulize swali la pili, ambalo kwa kawaida hana jibu lake: wanunuzi watakuwa wangapi baada ya miaka 10?