Betri za Akiba za Magari ya Kuchezea: Namna ya Kuziunda na Kuzichaji kwa Usalama

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Magari ya kuchezea yanayoendeshwa kwa rimoti yamekuwa zawadi ya kawaida kwa watoto, hasa nyakati za sikukuu. Mtoto huchezea gari kwa dakika chache tu, betri ikaisha, kisha akasubiri saa kadhaa ichajiwe upya. Ndiyo maana wazazi wengi, pamoja na vijana wenye mkono wa ufundi, hutafuta betri ya akiba au huiunda wenyewe. Kazi hiyo inawezekana na gharama yake si kubwa, ila ina sharti moja: betri ya akiba ifanane na ile ya awali kwa volti, na ichajiwe kwa chaja ya aina yake. Sharti hilo likipuuzwa, kifaa cha kumfurahisha mtoto kinaweza kuunguza nyumba.

Soma kwanza maandishi ya betri

Betri ya gari huwa na maandishi yanayotaja aina, volti na ujazo wake. Herufi Ni-Cd au Ni-MH humaanisha betri ya nikeli. Li-ion au Li-Po humaanisha betri ya lithiamu. Seli moja ya nikeli hutoa volti 1.2, hivyo betri ya volti 4.8 ina seli 4 zilizounganishwa kwa kufuatana, na ya volti 7.2 ina seli 6. Seli ya lithiamu hutoa volti 3.7. Ujazo huandikwa kwa mAh. Kadiri tarakimu inavyokuwa kubwa, ndivyo gari linavyotembea kwa muda mrefu zaidi.

Kuunda betri ya nikeli

Kwa gari la volti 4.8, njia iliyo salama zaidi ni kutumia seli 4 za Ni-MH za kuchajiwa, zenye ukubwa wa AA, pamoja na kibebeo cha plastiki chenye nyaya mbili. Njia hii haihitaji kulehemu, na seli hutolewa na kuchajiwa katika chaja yake maalumu.

Seli zote ziwe za chapa moja, ujazo mmoja na zilizonunuliwa pamoja. Seli zilizofuatana hupitiwa na mkondo uleule wa umeme. Iliyo dhaifu huisha mapema, na zenzake huendelea kuusukuma umeme ndani yake kinyumenyume hadi ikaharibika na kupata joto. Kwa sababu hiyo, seli mpya isichanganywe na ya zamani.

Kabla ya kuunganisha kwenye gari, hakikisha kwa mita ya umeme kuwa waya mwekundu uko upande wa chanya na mweusi upande wa hasi. Plagi mbili zinaweza kulingana kwa umbo huku nyaya zake zimepishana. Nyaya zilizo wazi zifunikwe kwa tepu ya umeme ili zisigusane na kupiga shoti. Aidha, betri kavu za kawaida za volti 1.5 zisichajiwe kamwe. Hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Hesabu muda wa kuchaji

Chaja nyingi zinazouzwa pamoja na magari haya hazijikati zenyewe betri inapojaa. Mtumiaji hana budi kuhesabu muda: gawa ujazo wa betri kwa mkondo wa chaja, kisha zidisha kwa 1.4. Betri ya nikeli ya mAh 700 kwenye chaja ya mA 250 huhitaji takribani saa 4. Baada ya hapo umeme unaoendelea kuingia hugeuka kuwa joto. Betri ikiwa ya moto mkononi, ichomolewe mara moja, hata kama muda haujatimia.

Lithiamu isiundwe nyumbani

Seli nyingi za lithiamu zinazotumika katika magari haya hujaa zinapofikia volti 4.2. Zikipitishwa hapo huvimba, hutoa gesi na zinaweza kuwaka. Chaja ya nikeli haitambui kikomo hicho, kwa hiyo isitumike kwa lithiamu hata kama plagi zinaingiliana. Seli zinazotolewa kwenye kompyuta mpakato chakavu nazo hazifai, kwa kuwa uchakavu wake hutofautiana. Mwenye gari la lithiamu anunue betri kamili yenye saketi ya kinga, pamoja na chaja yake.

Mahali na wakati

Chaji betri mchana, mtu mzima akiwa karibu, juu ya sakafu ya saruji au vigae. Usichaji kitandani, kwenye mkeka, karibu na pazia wala chandarua, na usiiache usiku kucha. Betri iliyotoka kutumika ipoe kwanza. Umeme ukikatika, chomoa chaja na uandike muda uliokwisha kutumika, ili umeme ukirejea usianze hesabu upya.

Betri ikianza kutoa moshi, ondoa watoto, usivute moshi huo, zima swichi kuu iwapo unaifikia bila hatari, toka nje na upige simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114. Usiibebe mikononi.

Betri iliyovimba au kuvuja

Betri ya namna hii isichajiwe, isitobolewe wala kutupwa motoni au jalalani. Ziba ncha zake kwa tepu, iweke ndani ya chombo kisichoshika moto, mbali na watoto, kisha uwasiliane na Afisa Mazingira kwa maelekezo ya mahali pa kuipeleka. Mzazi anayemnunulia mtoto gari anakumbushwa kuitazama chaja kwa makini kuliko anavyolitazama gari lenyewe, kwa kuwa chaja ndiyo inayobaki imeunganishwa na umeme wa nyumba wakati mtoto amekwisha kulala.