Boma la Mikindani: Ramani ya Kijerumani, Mkono wa Pwani

Ghuba ya Mikindani, mwendo mfupi kutoka Mtwara mjini, imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, na siku isiyo na upepo maji yake hutulia mpaka mgeni akadhani amefika ziwani. Juu ya mji, kwenye mteremko unaoitazama ghuba, kuna Boma: jengo jeupe lenye mnara na ua wa ndani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilianza kulikarabati, likawa hoteli ambayo vijana wa hapo walijifunzia kazi.

Watu wengi huliita jengo la Kijerumani. Kwa sura ni kweli. Mnara ule uliwekwa ili mji umjue bwana wake, na kuta zilitakiwa zistahimili risasi. Lakini ukiliangalia kwa jicho la fundi, kilicho cha Ulaya hapo ni ramani. Mwili ni jiwe la matumbawe na chokaa, na ujuzi wa kuviunganisha ulikuwapo pwani hii karne nyingi kabla ya Mjerumani kutia nanga. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, jumba la kisultani la karne ya 14 lililojengwa ukingoni juu ya bahari, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea la pembe nane, lilisimamishwa kwa vitu hivyo hivyo.

Jiwe lenyewe ni la aina mbili. La kuta huchimbwa nchi kavu, kwenye miamba iliyokuwa chini ya bahari zamani sana. Ni gumu, lina mashimo, halichongeki vizuri. La pili lilikatwa baharini lingali bichi na laini, likachongwa mihirabu na fremu za milango, kisha likawa gumu kwa hewa. Hili la pili lina chumvi nyingi, ndiyo maana mafundi walilianika mvua zilioshe kabla halijapanda ukutani.

Chokaa nayo hutoka kwenye jiwe lile lile. Magogo hupangwa duara, matumbawe yakarundikwa juu, moto ukawashwa. Joto likikaribia nyuzi 900 jiwe hutoa hewa ya kaboni na kubaki unga mkali, ambao humwagiwa maji na kuachwa ulale kwa wiki au miezi. Ikishapakwa ukutani, chokaa huivuta tena hewa ile ile taratibu na kurudi kuwa jiwe. Ukuta wa miaka mia moja basi ni mgumu kuliko ulivyokuwa siku fundi alipoteremka kwenye jukwaa.

Lakini anayeamua chumba kiweje katika nyumba za mawe za pwani si jiwe wala chokaa. Ni boriti. Dari hubebwa na miti ya mikoko, hasa mkoko wenyewe na mkandaa, migumu na isiyopendwa na mchwa. Mti ulionyooka wa kufaa una urefu wa mita tatu hivi, kwa hiyo chumba nacho hakizidi upana wa mita mbili na nusu au tatu. Mwenye nyumba akiwa tajiri haongezi upana, anaongeza urefu, au anaongeza chumba nyuma ya chumba. Ndiyo maana majumba ya zamani, kutoka Lamu hadi Kilwa, yana vyumba vyembamba virefu vilivyofuatana, na giza linazidi kadiri unavyoingia ndani. Majahazi yaliipeleka boriti hiyo mpaka Ghuba ya Uajemi, na vyumba vya huko vikawa vyembamba vilevile.

Chumba chembamba kinahitaji akili ya upambaji. Samani nzito zikikijaza, hakuna pa kupita. Mafundi walizihamishia kabati ndani ya ukuta: vidaka, safu za vishimo vilivyopakwa lipu nyororo, vya kuwekea vyombo vya kaure, taa na msahafu. Kivuli cha kila kidaka huupa ukuta mweupe kina ambacho rangi haiwezi kuutia. Kwa maoni yangu hakuna pambo la Ulaya lililowahi kuushinda ukuta wa vidaka kwa nafasi ndogo iliyotumia.

Unene wa kuta, nusu mita au zaidi, hufanya kazi nyingine. Joto la saa nane mchana hupenya polepole na kufika ndani usiku, wakati madirisha yako wazi na upepo unapita.

Adui wa haya yote leo ni mfuko wa saruji. Fundi akiona lipu imemeguka, anaziba kwa saruji kwa kuwa ni imara na inapatikana dukani. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka chini na kuutoa kupitia chokaa. Saruji huufungia ndani. Unyevu unapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya lipu mpya na kuisukuma, na baada ya misimu michache kipande kizima kinaanguka na uso wa jiwe. Maji yakifika kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani, dari inafuata. Na boriti mpya si ya kujikatia: mikoko ya mdomo wa Ruvuma imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000.

Mwenye nyumba ya mawe Mikindani anayetaka kujua hali yake asianze na rangi. Agonge ukuta kwa kifundo cha kidole, kuanzia usawa wa goti kwenda juu. Palipo na mlio wa uwazi, lipu imeshaachana na jiwe, na hapo ndipo pa kubandua kwanza.