Picha ya maonesho huuza bidhaa hata baada ya mabanda kufungwa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata kizuri hutembezwa, tena kwa simu. Mnunuzi aliyeko Bujumbura au Kampala hawezi kukishika kitenge kilichotandazwa Dar es Salaam. Anachokiona ni picha aliyotumiwa WhatsApp, na kwa picha hiyo anaamua kutuma fedha au kutafuta muuzaji mwingine.

Mahali pazuri pa kupata picha hizo ni kwenye maonesho ya biashara. Sabasaba hufanyika kila mwaka katika Viwanja vya Mwalimu J.K. Nyerere, Barabara ya Kilwa, kwa kawaida kuanzia Juni 28 hadi Julai 13. Maonesho ya Jua Kali/Nguvu Kazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1999, huhama kutoka nchi moja mwanachama hadi nyingine. Hata hivyo, picha nyingi zinazotoka huko hufanana: muuzaji amesimama wima mbele ya banda, mikono ubavuni, na bidhaa zimefichwa na mgongo wake.

Picha inayomvuta mnunuzi ni ya mtu aliye kazini: fundi anashona soli, mteja anaonja asali, mama anapima kitambaa kwa mkono. Mikono huonyesha ukubwa wa bidhaa, na uso wa mtu ambaye hakujipanga huaminika zaidi kuliko tabasamu la kuombwa.

Ruhusa kwanza, subira baadaye

Wapo wanaodhani picha ya namna hiyo hupatikana kwa kuvizia. Kuvizia huleta ugomvi, hasa panapokuwa na fedha mezani. Njia ya uhakika ni kusalimia, kueleza picha itakwenda wapi, kuomba ruhusa, kisha kusubiri. Dakika chache za mwanzo mwenye banda ataiangalia kamera. Wateja wakifika, kazi humrudisha kwenye hali yake ya kawaida. Huo ndio wakati wa kupiga, tena picha kadhaa mfululizo, kwa sababu katika msongamano mtu hufumba macho au mpita njia hukatiza mbele.

Ruhusa si adabu tu. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilipitisha yake 2022. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya ilitangaza faini ya Sh1.85 milioni za Kenya dhidi ya mgahawa mmoja wa Nairobi uliotumia picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Shule moja ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa mwenye mtaji mdogo, kiasi hicho kinatosha kufunga biashara.

Mwanga na rangi

Jua la mchana huweka vivuli vyeusi chini ya macho na kofia. Kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni mwanga huwa mpole. Ndani ya mabanda kuna tatizo jingine: turubai la bluu au la kijani hupaka bidhaa rangi yake. Kitenge chekundu hugeuka zambarau kwenye simu, na mnunuzi akipokea mzigo huona amedanganywa. Dawa yake ni kukisogeza kitambaa karibu na mlango wa banda, mwanga wa nje ukiangukie kwa ubavu.

Lenzi ya simu ifutwe kwanza, maana vumbi na mafuta ya vidole hutia ukungu. Badala ya kuvuta picha kwa vidole kwenye kioo, jambo linalopunguza ubora wake katika simu nyingi, ni heri kusogea hatua mbili. Kabla ya kubonyeza, nyuma ya mhusika nako kutazamwe: mteja anayehesabu noti, namba ya simu iliyobandikwa ukutani au mtoto wa jirani havifai kusambazwa.

Wakati wa kutuma, WhatsApp huibana picha ikapoteza undani. Ikitumwa kama faili la hati hubaki na ubora wake, lakini huweza pia kubeba taarifa za mahali ilipopigwa. Asiyetaka ghala au nyumba yake ijulikane azime kwanza uhifadhi wa mahali kwenye mipangilio ya kamera.

Tahadhari moja inabaki njiani kurudi nyumbani. Askari, ofisi za forodha na vizuizi vya mpakani si mahali pa kupiga picha bila kibali. Simu ikizuiliwa hapo, picha zote za maonesho huzuiliwa nayo, pamoja na namba za wateja.