Chakula cha mgonjwa mahututi na kipimo kinachosomwa vibaya

Chakula kinachopita kwenye mpira wa puani hadi tumboni mwa mgonjwa mahututi kinaingia katika mwili unaowaka. Mwako huo, ambao vitabu vya tiba huuita mchochota, huanza pale kinga ya mwili inapoamshwa na nimonia, ajali, majeraha ya moto au vijidudu vilivyoingia kwenye damu. Ini hupunguza baadhi ya kazi zake za kawaida na kuanza kutengeneza protini za dharura. Misuli hubomolewa ili kazi hiyo ipate malighafi. Sukari hupanda hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kisukari. Chakula kinaweza kuutuliza mwako huu au kuuzidisha, na mwako wenyewe ndio unaoamua mwili utakitumiaje chakula hicho. Kufuatilia pande zote mbili kwa pamoja ni kazi ya kila siku ya madaktari, wauguzi na wataalamu wa lishe katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Chanzo cha elimu hii ni watu waliovunjika miguu. Katika miaka ya 1930, mtafiti David Cuthbertson wa Glasgow, Uskoti, aliona kuwa majeruhi hao wanapoteza nitrojeni nyingi kwenye mkojo, kuliko ile ambayo ingeweza kutoka kwenye mguu ulioumia peke yake. Mwili mzima ulikuwa unajila. Mwaka 1942 alizigawa siku za majeraha kwa mfano wa bahari: kupwa na kujaa. Wakati wa kupwa, mgonjwa ni baridi, shinikizo la damu liko chini na matumizi ya nishati yamepungua. Kisha maji hujaa: joto hupanda, moyo huenda mbio na misuli huyeyuka. Huko London, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipima paja kwa altrasaundi kwa wagonjwa 63 na kukuta msuli umesinyaa kwa karibu asilimia 18 katika siku 10 za kwanza.

CRP: moshi wa moto

Kipimo cha mchochota kinachotumika zaidi ni CRP, protini inayotengenezwa na ini. William Tillett na Thomas Francis waliitambua New York mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Kwa mtu mwenye afya, kwa kawaida huwa chini ya miligramu 10 kwa lita. Mchochota ukianza, hupanda ndani ya saa chache, hufika kilele baada ya siku mbili hivi, na inaweza kupita 300.

Uzuri wa CRP ni kwamba haikawii kuondoka: nusu yake hutoweka katika saa 19 hivi. Kama ini lingeacha kabisa kuitengeneza, mgonjwa mwenye 280 angefika 140 kesho yake, na 70 saa 19 nyingine baadaye. Ini haliachi ghafla namna hiyo, kwa hiyo namba hushuka taratibu zaidi, lakini lazima ishuke. Ikiwa bado 250 siku ya tano, kuna kuni zinazoendelea kuungua mahali fulani: usaha haujatolewa, antibayotiki haifanyi kazi, au mshono wa utumbo unavuja. Kuilaumu lishe kwa namba hiyo kabla ya kuyachunguza hayo ni kutafuta mchawi. Kwa upande mwingine, mgonjwa ambaye ini lake limeshindwa anaweza kuwa na CRP ndogo huku anaungua.

Kosa la albumini

Kwa miongo mingi albumini, protini nyingine inayotengenezwa na ini, ilisomwa kama kipimo cha njaa. Ikiwa chini, mgonjwa alihesabiwa hajala vya kutosha na chakula kikaongezwa. Hesabu ndogo inaonyesha kosa liko wapi. Albumini huchukua siku 20 hivi kupungua kwa nusu. Mgonjwa aliyelazwa akiwa na gramu 38 kwa lita, hata ini lingegoma kabisa kuitengeneza, angebaki na takriban gramu 35 baada ya siku mbili. Lakini kwa mgonjwa mwenye maambukizi makali, kipimo cha siku ya pili huweza kusoma 25. Njaa haina mbio hizo. Kilichotokea ni kwamba kuta za mishipa zimelegea, albumini imevuja kwenda kwenye tishu, na maji ya dripu yameizimua iliyobaki.

Prealbumini, ambayo hupungua kwa nusu katika siku mbili tu, ilipokewa kama mrithi wake, lakini nayo hushuka mchochota unapopanda. ASPEN, chama cha Marekani cha wataalamu wa lishe ya kitabibu, kimetamka kuwa protini hizi mbili ni alama za mchochota na zisitumike kupima utapiamlo. Ndiyo maana prealbumini haina maana bila CRP pembeni yake. Prealbumini ikipanda huku CRP inashuka, habari kubwa ni kwamba moto unazimika, na fomula ya chakula haistahili sifa zote.

Chakula kinapochochea

Utumbo uliokaa bila kazi hudhoofika kuta zake, na hiyo ndiyo sababu ya kuanza kulisha mapema kwa njia ya tumbo. Mwongozo wa ESPEN, jumuiya ya Ulaya ya lishe ya kitabibu, unapendekeza kuanza ndani ya saa 48, bila kuzidi asilimia 70 ya mahitaji ya nishati katika siku za mwanzo, kisha kupandisha taratibu. Tahadhari hiyo ina sababu. Katika siku hizo mwili wenyewe unamwaga sukari na mafuta kwenye damu, na insulini haiwezi kuzuia. Kalori za kutoka nje huongezwa juu ya hizo.

Nyingine huingia bila kuhesabiwa. Propofoli, dawa nyeupe ya usingizi inayofanana na maziwa, imechanganywa na mafuta na ina kalori 1.1 kwa kila mililita. Ikienda kwa mililita 15 kwa saa, mgonjwa amepata karibu kalori 400 kwa siku kabla mpira wa chakula haujafunguliwa.

Jaribio la EPaNIC la Ubelgiji, lililochapishwa mwaka 2011, lilihusisha wagonjwa 4,640 ambao chakula cha tumboni hakikuwatosha. Nusu waliongezewa lishe ya mshipani mapema, na nusu walisubiri hadi siku ya nane. Waliosubiri walipata maambukizi machache na walitoka mapema zaidi. Hata hivyo, CRP yao ilipanda juu kuliko ya wenzao. Kama CRP peke yake ingefanywa hakimu, kundi lililoshindwa lingepewa ushindi.

Vyakula vilivyotengenezwa mahususi kuzima mchochota navyo havikutimiza ahadi. Jaribio la Marekani la mafuta ya omega-3 kwa wagonjwa wenye mapafu yaliyojeruhiwa lililochapishwa mwaka 2011, lilisitishwa kabla ya wakati kwa kukosa dalili ya manufaa. Mwaka 2013, jaribio la glutamini kwa wagonjwa 1,223 lilionyesha vifo asilimia 32.4 kwa waliopewa, dhidi ya 27.2 kwa wasiopewa. Mwaka 2023 ikaja zamu ya protini. Gramu 2.2 au zaidi kwa kila kilo ya uzito kwa siku hazikuwatoa wagonjwa hospitali mapema kuliko gramu 1.2 au pungufu, na dalili za madhara zilionekana kwa wale ambao figo zao zilikuwa zimejeruhiwa.

Mchochota unapokikataa chakula

Ushahidi kutoka Uswisi unaeleza upande wa pili. Jaribio la mwaka 2019 lilikuta kuwa wagonjwa wa wodi za kawaida waliokuwa hatarini kupata utapiamlo walinufaika walipopewa lishe iliyopangwa kwa kila mmoja. Data zilipogawanywa upya kwa CRP, waliokuwa na zaidi ya 100 hawakuonekana kupata manufaa hayo. Hao hawakuwa mahututi, lakini kanuni ni ile ile: wakati wa moto mkali, matofali yakiletwa mlangoni hakuna fundi wa kujenga.

Kinachoangaliwa kitandani

Kwa hiyo ufuatiliaji mzuri husoma mwelekeo wa siku kadhaa na haukai kwenye namba moja. CRP huonyesha kama moto unapungua. Sukari, na kiasi cha insulini kinachohitajika kuituliza, huonyesha kama chakula kinazidi uwezo wa mwili. Urea ikipanda bila figo kuharibika huashiria protini inachomwa badala ya kujenga. Uzito hudanganya, kwa sababu lita tano za maji ni kilo tano kwenye mizani, na altrasaundi ya paja huona kilicho chini ya maji hayo.

Fosfati hupewa jicho la pekee. Kwa mtu aliyekaa na njaa, chakula kikirudi kwa kishindo, fosfati hukimbilia ndani ya seli na damu hubaki bila ya kutosha, hadi moyo na misuli ya kupumulia kulegea. Wodi za watoto wenye utapiamlo mkali nchini Kenya na Tanzania zinaijua kanuni hii kupitia maziwa ya F-75, yenye kalori 75 kwa mililita 100 na protini kidogo, ambayo hutolewa kwanza mtoto anapotulizwa. F-100 au chakula tiba cha pakiti husubiri hadi hamu ya kula irudi.

Pasipo maabara ya kupima CRP kila siku, karatasi ya muuguzi hubeba sehemu kubwa ya kazi: joto, mapigo, tumbo kujaa gesi, matapishi, choo, na mililita za chakula zilizoingia kweli zikilinganishwa na zilizoandikwa na daktari. Joto likishuka, dawa za kupandisha shinikizo zikipunguzwa na CRP ikiendelea kuteremka, kalori hupandishwa na protini husogezwa kuelekea gramu 1.3 kwa kilo kwa siku, kiwango ambacho ESPEN inakitaja. Mazoezi ya viungo huanza hapo, kwa sababu msuli usiotumika haujengeki kwa chakula peke yake.