Insha Inapojibiwa kwa Picha

Wengi wenu mmeniuliza mbona ubao wa chama chetu umejaa picha za wanafunzi wa Sanaa. Nitaeleza.

Hapa Ndabibi wengi wetu nyumbani twaongea Kikuyu, Kimaasai ama Kikalenjin. Insha moja ya KCSE ina alama 20, na karatasi ikirudi imejaa wino mwekundu, mtu hudhani hana la kusema. Kumbe analo! Ndiyo maana tunamtafutia msomaji wa pili, asiye na kalamu nyekundu.

Kazi yenyewe ni hivi. Mwandishi hutoa insha yake bila kueleza lolote. Mchoraji huisoma mara mbili, kisha huchora kilichomgusa. Hatakiwi kurembesha ukurasa, anatakiwa kujibu. Tazameni leso: ina pindo, mji na jina. Jina halielezi maua yaliyo katikati, wala maua hayatafsiri jina, lakini vyote husomwa pamoja.

Jambo hili si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Tanzania, alichora habari za Injili kwenye kuta za kanisa huko Murang'a, akamweka Yesu katika mandhari ya nchi yetu.

Sasa oneni faida yake. Mwenzetu wa kidato cha pili aliandika kuhusu Eburru, ambako watu hutega mvuke utokao ardhini kwa mabomba, ukapoa ukawa maji ya kunywa. Aliusifu mvuke aya tatu nzima. Mchoraji hakuugusa. Alichora foleni ya mitungi, tone moja, na mama anayesinzia kando ya punda.

"Huyo ni shangazi!" mwandishi akasema.

Foleni hakuwa ameitaja. Ilijificha katika sentensi moja tu: shangazi hutoka alfajiri, hurudi jioni. Basi akaiandika upya, akaanza na shangazi akingoja. Sarufi bado ilimsumbua, lakini alipoisoma darasa zima lilinyamaza.

Mwalimu hutuonyesha neno lililokosewa, na ni lazima. Picha hutuonyesha neno lililofika. Mwanafunzi anahitaji yote mawili, la sivyo ataacha kuandika.

Tunakutana Ijumaa baada ya masomo. Wachoraji, leteni makaa na maboksi, rangi ni chache. Nawe uliyeficha insha chini ya godoro, ilete.