Hakuna Lori la Kushika

Ukitoka Bujumbura kwa gari kupanda Bugarama kwa barabara ya RN1, utawakuta vijana wa ndizi wamening'inia nyuma ya malori. Mkono mmoja umeshika bodi, mwingine uko kwenye usukani, miguu imetulia juu ya pedali. Jiji liko mita 780 hivi juu ya usawa wa bahari, Bugarama imezidi 2,000, na umbali wenyewe ni kilomita kama 35. Nani atakanyaga mlima huo ilhali lori linapita? Huko juu hufunga mikungu kwenye keria, kisha hushuka nayo kwa kasi inayowatisha hata madereva. Ni hatari, na wapo waliokufa. Lakini ukweli ni kwamba vijana hao ndio waendesha baiskeli wenye miguu imara kuliko wote niwajuao.

Nawataja kwa sababu mchezo ninaotaka kuueleza leo ni kinyume cha kazi yao. Katika mbio dhidi ya saa hakuna cha kushika: si lori, si mgongo wa mwenzako. Mnaachiwa mmoja mmoja, mkipishana dakika moja au mbili, njia ni ile ile, na aliyetumia muda mfupi ndiye mshindi. Waliosoma Kifaransa huita contre-la-montre.

Wengi wetu tuliuona vizuri Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika Afrika. Mpaka wetu na Rwanda ulikuwa umefungwa tangu Januari 2024, kwa hiyo tulitazama kwenye simu. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alimaliza kilomita 40.6 chini ya dakika 50, tena alimpita Tadej Pogačar aliyeondoka dakika mbili na nusu kabla yake. Siku ile niliulizwa swali moja na watu watatu tofauti: mbona Pogačar hakumganda mwenzake mgongoni? Kanuni hairuhusu. Anayekaa nyuma ya mwenziwe huweza kupunguziwa hadi theluthi ya kazi, maana wa mbele ndiye anayepasua hewa. Hapa ukipitwa, unamwacha aende zake.

Mchezo huu ni wa watu wa ridhaa tangu kuzaliwa kwake. Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, chama cha baiskeli kilipiga marufuku mbio za makundi barabarani kwa kuogopa polisi. Bwana mmoja, F. T. Bidlake, akapata ujanja: tarehe 5 Oktoba 1895 klabu yake iliwaachia waendeshaji mmoja mmoja kwa maili 50, yaani kilomita 80. Waliendelea hivyo kwa miaka mingi, alfajiri, wamevaa nguo nyeusi, na njia zikitajwa kwa herufi na namba ili asiyehusika asijue ni wapi. Mpita njia aliona tu mtu mmoja anawahi mahali.

Ndiyo maana unatufaa. Hauhitaji barabara kufungwa wala kibali cha msafara. Machi 2022 baiskeli zilipigwa marufuku katikati ya jiji, basi sisi huanzia nje, baada ya Kanyosha, kwenye barabara ya Rumonge. Tunapita jiwe la Livingstone na Stanley pale Mugere, lile lenye tarehe ya Novemba 1871, tunageuza mbele kidogo, tunarudi. Jumla kilomita 20. Saa ni ya simu, na majina yameandikwa kwa penseli nyuma ya karatasi ya duka. Wa kwanza huondoka saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mapema mno giza huwa halijaisha, na kando ya ziwa letu mwenye njia usiku ni kiboko. Na uhaba wa mafuta wa miaka hii, pamoja na dhiki yake yote, umetuachia lami tupu kuliko zamani.

Sasa tuje kwenye hewa, maana ndiyo mpinzani halisi. Kwenye tambarare, kazi ya kuipasua haikui sawasawa na mwendo. Ukitoka kilomita 30 kwa saa kwenda 40, mwendo umeongezeka theluthi moja tu, lakini nguvu unayotoa dhidi ya hewa imepanda zaidi ya mara mbili na theluthi. Hivyo kijana anayejiona "amebakiza kidogo tu" kumfikia mwenzake, hicho kidogo ndicho ghali. Hewa ya Bujumbura ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia 9 hivi, kwa sababu ya mwinuko, na hiyo ni nafuu ndogo. Bahati mbaya oksijeni nayo imepungua kwa kiasi hicho hicho.

Dawa yake si baiskeli ya bei. Sehemu kubwa ya hewa hugongwa na mwili wako: kifua, mabega, kichwa. Inamisha mgongo, ingiza viwiko ndani, vaa fulana inayobana. Shati linalopepea ni tanga. Mafundi wa Buyenzi watakupandishia kiti kwa dakika tano, na kwa wengi wetu kiti kimekaa chini mno. Weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, goti likinyooka bila nyonga kuyumba, umepata. Jaza upepo kwenye tairi usiku, asubuhi uangalie kama tyubu haivuji. Mengine yote yatasubiri mshahara.

Kisha kuna upepo wenyewe. Kiangazi, Juni hadi Septemba, upepo wa kusini hupanda na ziwa, kwa hiyo anayekwenda upande wa Rumonge anaukabili na anayerudi anasukumwa. Watu husema: si unarudishiwa ulichopoteza? Hurudishiwi. Chukua mtu ambaye siku ya utulivu huenda kilomita 30 kwa saa: kilomita 20 atazimaliza kwa dakika 40. Siku ya upepo aende kilomita 10 kwa mwendo wa 24, arudi 10 kwa mwendo wa 36. Wastani wa 24 na 36 ni 30, sivyo? Lakini kwenda kumemla dakika 25, kurudi 16 na sekunde 40. Amechelewa dakika 1 na sekunde 40, kwa sababu alikaa muda mrefu zaidi upande mgumu. Basi jikaze kidogo zaidi unapokabili upepo, upumue unaposukumwa. Wengi hufanya kinyume, maana kukimbia na upepo mgongoni ni kutamu.

Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni pupa ya dakika za mwanzo. Ukiachiwa tu, mapafu na moyo huhitaji kama dakika mbili kuufikia mwendo unaoutaka. Kabla ya hapo misuli hutumia akiba yake ndogo isiyohitaji oksijeni, na ndiyo sababu unajiona mwepesi kama aliyelala vizuri. Ukiimaliza akiba hiyo hapo mwanzoni, haijai tena ungali unakanyaga kwa nguvu. Kipimo changu ni cha bure: katika kilomita mbili za kwanza, uweze kumwambia mama anayepeleka mihogo sokoni "Mwaramutse, mama" bila sauti kukatika. Ukishindwa, umeanza kwa pupa. Na kama unaweza kumuuliza pia hali za watoto, unazembea.

Kijana mmoja wa ndizi alikuja na baiskeli yake ile ile nzito ya chuma, keria haijafunguliwa. Alikwenda kwa dakika 20 na sekunde 40, akatuacha midomo wazi. Kurudi, upepo ukiwa mgongoni, alitumia 21 na nusu. Alikaa chini kwenye majani, akaniambia, "Mzee, miguu ilikufa pale kwenye jiwe." Jumla 42:10. Wiki mbili baadaye tulimfungulia keria na kumpandishia kiti. Nilimwomba jambo moja tu zaidi: awasalimie mama wote hadi mwisho wa kilomita ya pili. Alikwenda kwa 21:20, akachekwa. Alirudi kwa 18:35. Jumla 39:55, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kwetu siku ile. Keria ilichangia, kiti kilichangia, lakini angalia zile sekunde 40 alizokubali kupoteza wakati wa kwenda.

Nawe jaribu. Tafuta kilomita 10 za kwenda na kurudi, nje ya jiji, kofia ngumu kichwani, breki zote mbili zikishika. Andika muda wa kwenda na muda wa kurudi kwenye mistari miwili tofauti, na karatasi hiyo usiitupe, maana mpinzani wako wa Jumapili ijayo ndiye huyo aliyeandikwa hapo.